Matunda Mekundu ya Kitabuni

Mwezi uliopita alinijia nyumbani, hapa Waa, binti mmoja anayesomesha darasa la kwanza. Alikuwa na mkoba umejaa vitabu vipya vya picha. Shule yake imepata kabati la maktaba, naye ndiye aliyepewa ufunguo. Akaniamkia, akaketi, akasema, "Bi Zuhura, nimeambiwa kazi hii uliifanya miaka mingi. Nifundishe kuchagua."

Nikamwambia aviache vitabu, anipe siku chache. Sikumwambia kwamba mpaka leo, na uzee huu, nikifunua kitabu cha picha mkono wangu hukimbilia kurasa za katikati kutafuta kitu chekundu. Nimeona niandike, asome yeye, nanyi wenzake mliopewa funguo kama yeye. Mtanisamehe nikirukaruka. Mambo haya hayaniji kwa mstari.

Niliingia kazini Uhuru ukiwa bado mbichi. Nilikuwa nimesomesha miaka minne tu nilipoitwa ofisini kule Kwale mlimani, nikaonyeshwa chumba chenye rafu na dirisha moja, nikaambiwa kuanzia siku hiyo mimi ndiye mwenye vitabu vya watoto wadogo. Shule zilikuwa zikifunguliwa kila pembe na kila shule ilitaka maktaba. Msidhani ni maktaba kama mnazozijua nyinyi. Ilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli, ndani yake vitabu thelathini. Wauza vitabu wa Mombasa waliniletea vya kuonjesha, nami nikikubali kimoja zilinunuliwa nakala kumi na mbili, moja kwa kila sanduku. Masanduku yakatawanyika kutoka Waa hadi Jego, na bara mpaka kupita Kinango. Kwa hiyo nikikosea, nilikuwa nakosea mara kumi na mbili.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Athumani, mtunza ghala. Alikuwa mtu mfupi, mguu mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, na ujanani aliwahi kufunga vitabu kwa mkono katika nyumba ya chapa. Kitabu kikiletwa hakukisoma. Alikikamata kwa majalada yake mawili kama mtu aliyemshika kuku mbawa, akakitikisa. Kisha alikifunua katikati kutafuta uzi. Kitabu kilichogundishwa tu bila kushonwa, joto la pwani hukiachanisha kabla ya muhula kuisha. Alinusa gundi, kwa sababu iliyo tamu huita mende. Mwisho alilamba kidole, akakipitisha juu ya picha.

"Nyekundu," alikuwa akiniambia. "Tazama nyekundu kwanza, mwanangu. Ndiyo hutoka mapema, na mtoto ataiweka ulimini."

Nikaujua mwili wa kitabu kama ninavyoujua mkono wangu. Picha zenyewe tulizitazama kama watu wazima. Tukiona zimechorwa vizuri, basi.

Nilipata maonyo, nami nikayafanya vichekesho. Kulikuwa na kitabu cha askari wa barabarani, amechorwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Nilikisoma katika darasa moja la Diani. Mtoto akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, nani amemkata?" Nikamwambia hakukatwa, miguu imebaki nje ya ukurasa. Akainuka, akaja mbele, akafunua ukurasa wa nyuma kuitafuta. Alipoikosa alinitazama kama niliyemficha jambo. Nilikwenda kulisimulia ofisini tukacheka sote.

Kulikuwa na kingine cha nguruwe na watoto wake, wamevaa nguo, wamekaa mezani wanakula. Nilikikubali kwa kuwa kilishonwa uzi mara mbili. Shule moja ilinirudishia baada ya wiki. Mjumbe alikibeba kwa vijiti viwili, mbali na kanzu yake, na barua ya adabu kabisa juu yake: wazazi wanakusalimu sana, na wanauliza kama ofisi inacho kitabu cha mbuzi. Hiyo nayo tuliicheka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kitabu kilitoka ng'ambo. Kaka na dada wanakwenda vichakani na kikapu. Wanachuma matunda madogo mekundu, wanayala hadi midomo yao inakuwa myekundu, wanayabakisha kidogo wakampelekea bibi yao. Ukurasa wa tisa haukuwa na mtu, ulijaa matunda matupu, mekundu ya kung'aa, kila moja na kidoa cheusi ubavuni. Mzee Athumani alilamba kidole, akasugua ukurasa huo, rangi haikutoka hata chembe. Uzi ulikuwa imara. Gundi haikunuka. Nikatia sahihi.

Yeyote aliyecheza vichakani huku kwetu angeona. Mimi nililelewa Mombasa mjini, kwenye vichochoro vya mawe. Tipitipi nilizijua kwa sonara wa mtaani kwetu, aliyekuwa akizitumia kupimia dhahabu. Zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi nilidhani zinatoka dukani. Sikujua zinaota juu ya mti unaotambaa kwenye ua wa kila shamba, wala kwamba ndani yake mna sumu.

Mwezi wa tatu au wa nne tangu masanduku yatoke, nilikwenda kwenye shule moja ya kusini, upande wa Jego, kuwaonyesha walimu jinsi ya kuwasomea watoto. Jina la shule nitakaa nalo. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Rashidi, mtu mpole aliyependa mambo yatulie. Nikawaketisha watoto chini, kiasi cha arobaini, nikatoa kitabu cha kikapu.

Nilikuwa msomaji hodari, nasema bila haya. Niligeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo kwa papo, na sauti za watu zote nilizitoa. Nilipofika ukurasa wa tisa nilichuma tunda hewani kwa vidole viwili, nikalitia kinywani, nikafumba macho kwa utamu. Watoto arobaini wakachuma hewani, wakatia vinywani, wakafumba macho. "Tena, mwalimu," wakasema. Nikarudia. Nilirudia mara tatu. Walimu waliosimama nyuma walikuwa wakitabasamu, nami nikajiona nimefika.

Basi la kurudi lilikuwa la asubuhi, kwa hiyo nililala kwa mke wa Mwalimu Rashidi. Asubuhi nilipokuwa nakagua sanduku la vitabu, mwanamke aliingia uwanjani akiwa amembeba mvulana mgongoni, mvulana mkubwa wa miaka saba, miguu yake inaning'inia. Leso aliyomfungia ilikuwa imelowa. Yule mama hakupiga kelele. Alimlaza mtoto barazani, akasema, "Mwalimu Rashidi, Juma ametapika tangu alfajiri. Sasa anatoa damu."

Watu walimwita Mejumaa, mama yake Juma. Jina lake la kuzaliwa nilikuja kulijua baadaye.

Mwalimu Rashidi akampapasa mtoto paji la uso. Mimi niliinama kumlegeza kaptura, mfuko ukapinduka, zikadondoka sakafuni mbegu nne. Nyekundu, zenye jicho jeusi. Nilizitazama na bado sikufahamu. Nilikuwa nimezoea kuziona kwenye mizani ya sonara, na akili yangu ilisimama pale pale, ikijiuliza mtoto huyu amepata wapi vitu vya sonara.

Msichana mmoja mdogo aliyeitwa Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mwalimu Rashidi akamuuliza, "Juma amekula nini?"

"Tulikula matunda."

"Matunda gani?"

"Matunda ya kitabu."

Siwezi kuwaeleza vizuri yaliyonipata. Masikio yangu yaliziba. Niliona midomo ya watu ikisogea na sikusikia neno. Nikaketi juu ya sanduku la vitabu.

Waliyoyafanya ni haya, kama Mwanakombo alivyoeleza. Adhuhuri ya jana yake, baada ya kusomewa, watoto watano walikwenda kwenye ua wa nyuma ya shule, ambako maganda ya mtipitipi yalikuwa yamekauka na kupasuka. Wakachuma, wakajaza kofia. Mwanakombo akawa dada, Juma akawa kaka. Watatu walionja wakatema, kwa kuwa ni ngumu na hazina ladha. Juma alitafuna. Alitaka midomo yake iwe myekundu kama ya kitabuni. Haikuwa, akazidi kutafuna.

"Na wewe?" nikamuuliza Mwanakombo.

"Nilimeza nzima. Sina meno ya kutafunia." Akafunua kinywa kunionyesha. Meno ya mbele yote manne yalikuwa yameng'oka, yale mapya hayajaota.

Lilipita lori la nazi, tukalisimamisha, tukawapakia wote watano hadi hospitali, kule Msambweni. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Aliwapima wale wengine, akasema waliotema watapona, na huyu aliyemeza nzima mbegu zitapita tumboni kama kokoto. Ganda lake ni gumu, alisema, sumu haitoki isipovunjwa. Alirudi kwa Juma, akamtundikia chupa ya maji. "Hii haina dawa yake," akaniambia pembeni. "Tunampa maji, tunangoja. Lakini watoto wa huku huambiwa tangu wadogo wasizile. Hawa wamepata wapi wazo hili?"

Nikajibu, "Ni watoto tu."

Ndivyo nilivyosema, wanangu. Maneno matatu. Mwalimu Rashidi alikuwa amenishika mkono tukiwa bado kwenye lori, akaninong'oneza, "Zuhura, watoto hula kila kitu. Usitaje kitabu. Watasema shule inawalisha sumu, hakuna mzazi atakayeleta mtoto tena." Na daktari aliponiuliza, nikajikuta nafuata neno lake.

Nilikaa pale siku mbili. Sikuweza kuondoka, wala sikuweza kuketi karibu na kitanda. Siku ya tatu Mejumaa akaja mwenyewe hadi kwenye benchi nililokaa nje. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mwalimu, hicho kitabu unacho?"

Nilijua hajayasahau maneno ya Mwanakombo. "Ninacho."

"Nionyeshe."

Nikakitoa mkobani. Alijifuta mikono kwenye leso, moja baada ya nyingine, akakipokea. Alikifunua polepole, akitazama kila picha kwa utulivu, nyumba, watoto, mbwa wao. Alipofika ukurasa wa tisa mkono wake ukasimama.

"Hizi ni tipitipi," akasema.

"Ni matunda ya Ulaya, Mejumaa. Yanafanana tu."

"Mimi sijui kusoma, mwalimu. Ninaona tu. Na Juma hajajua kusoma. Na yeye anaona tu." Akakifunga. "Kabla hamjawapa watoto, mlimwonyesha nani?"

"Mzee mmoja ofisini. Anajua sana vitabu."

"Ana watoto wadogo huyo mzee?"

"Hana."

Alinirudishia kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akaingia ndani kwa mwanawe. Nilishikwa na bumbuazi kuliko nilipoziona zile mbegu sakafuni. Nilikuwa nimekikagua kitabu kile wiki nzima. Yeye alikiona kwa muda wa kufunua kurasa tisa.

Niliingia kwa daktari nikamwambia ukweli wote. Hakunikaripia. Aliuliza swali moja tu: "Nakala ziko ngapi?"

Kwa siku tatu nilikuwa nimemfikiria Juma peke yake. Kumi na moja zilikuwa huko nje, kwenye masanduku, na mtipitipi ulikuwa umepasuka maganda kila mahali.

Nilipanda basi hadi Kwale. Mkubwa wangu ofisini alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi. "Tutaandika waraka kwa shule zote," akasema.

"Utafika lini, bwana?"

"Mwisho wa mwezi, posta ikienda vizuri."

"Basi nipe ruhusa niende mwenyewe."

"Watakuuliza, utasema nini?"

"Nitasema nimekosea kuchagua."

Alinipa ruhusa. Mzee Athumani alikuwa amesikia yote kutoka ghalani. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi. "Niliilamba ile nyekundu," akasema. "Niliilamba kwa ulimi wangu, nikasema ni salama." Tangu siku ile sikumwona tena akilamba kidole mbele ya kitabu.

Nilianzia Waa, nikashuka Ukunda, Diani, nikaendelea kusini, kwa basi, kwa baiskeli ya kuazima, kwa miguu. Nilidhani nitazikuta nakala zangu zimelala masandukuni. Wanangu, hakuna kilicholala. Kila nilikofika, kitabu hicho ndicho kilichochakaa kuliko vyote, na ukurasa uliochakaa ni wa tisa, pembe yake imekunjika na kupata weusi wa vidole. Shule moja watoto walikuwa wamechora matunda yale ukutani kwa udongo mwekundu na mkaa. Shule nyingine mwalimu, mwenyeji wa mbali kama mimi, alikuwa amewaagiza watoto walete tipitipi za kuhesabia, akazitia kwenye kikombe juu ya meza, akijisifu kwangu jinsi alivyolinganisha hesabu na kitabu. Nilizimwaga chooni mbele ya macho yake. Alinidhania nimerukwa na akili mpaka nilipomweleza, na alipofahamu alikwenda kuwahesabu watoto wake mmoja mmoja kwa kidole, akirudia majina yao.

Kila shule nilisema maneno yale yale, nimekosea kuchagua. Mara ya kwanza niliyaanza mara mbili. Mara ya tano yalitoka bila kukwama, na hilo nalo lilinitisha.

Siku ya tisa nilipita tena hospitali. Juma alikuwa ameketi. Amekuwa mdogo, shingo kama ya kifaranga, lakini ameketi, na mama yake alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Mtoto akanitazama, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Mejumaa alinisogezea kigoda.

Niwape la kazi kabla sijamaliza, maana yule binti ndilo alilolifuata. Miaka iliyokuja, hakuna kitabu cha picha kilichopita mikononi mwangu bila kutandikwa kwanza juu ya mkeka mbele ya wanawake wasiojua kusoma. Ofisi ilishangaa, baadaye ikazoea. Mejumaa alikuwa wa kwanza kuja. Usiwaeleze kitabu kinasema nini. Kaa kimya, tazama mikono. Mkono ukisimama, uliza. Mejumaa alikuwa akinikatalia vitabu ambavyo ningekula kiapo kwamba ni salama: mtoto anayechungulia kisimani akicheka, mtoto anayemkumbatia mbwa asiyemjua, mtoto anayecheza na moto wa jikoni. Swali lake lilikuwa moja, nami nililifanya langu: mtoto akishakifunga kitabu hiki, atatoka kwenda kufanya nini? Uzi na gundi vitazameni vilevile. Lakini vitazameni mwisho.

Sasa nakala ya kumi na mbili. Ilikuwa shule ya bara, kupita Kinango, nchi kavu ya mbuzi na miti ya miiba, vyumba viwili vya udongo na mwalimu mmoja, Mwalimu Mwero. Barua za walimu wa kule, sisi ofisini tulizijua kwa vumbi lake: hatuna chaki, hatuna maji, paa limetoboka. Nilifika saa za mchana, nimechoka, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko kwingine kote. Kule hakuna lori la nazi. Kutoka kule mtoto mgonjwa hafiki Msambweni.

Mwalimu Mwero alikuwa mtu mzima, mrefu, wa maneno machache. Alinikaribisha kwa maji ya kunywa kabla ya salamu kwisha. Nikamwambia nimekuja kuchukua kitabu cha kikapu.

"Karibu," akasema. "Nimekungoja sana."

Akafungua sanduku, akanipa kitabu. Kilikuwa kisafi. Nikafunua hadi katikati, ukurasa wa nane ukanipeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa kumi na moja. Zile karatasi mbili alikuwa amezishona pamoja ukingoni, uzi mweupe, mishono midogo midogo kama ya kanzu.

"Umeshona lini?" nikamuuliza.

"Siku sanduku lilipofika. Niliona tipitipi, nikaona sitawasomea hapo."

Nilipumua kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Kisha hasira ikanipanda, hasira ya mtu aliyetishika sana. "Uliona siku ya kwanza," nikamwambia. "Mtoto alikaribia kufa kule kusini. Kwa nini hukuniandikia?"

Mwalimu Mwero hakupandisha sauti. Alinitazama kama anayetafuta maneno yasiyoniumiza.

"Nilikuandikia, mwalimu."

Nilirudi Kwale siku ya pili. Niliingia chumbani kwangu, nikachukua faili ya barua za bara, ile nene, nikaanza kufunua. Ilikuwa ya sita kutoka juu. Mwandiko mzuri wa mlazo, karatasi ya daftari. Ilieleza kwamba chaki zimekwisha. Ilieleza kwamba mlango hauna bawaba. Na mwisho, mistari minne: katika kitabu kipya cha kikapu, ukurasa wa tisa, matunda yanafanana sana na tipitipi ambazo huua, na watoto hupenda kuiga, naomba mtazame tena.

Juu ya karatasi, pembeni, kulikuwa na maneno kwa wino wa buluu: Imesomwa. Itiwe failini. Chini yake, sahihi yangu.

Nilikaa na barua ile mezani mpaka Mzee Athumani akaja kufunga madirisha. Sikukumbuka kuisoma. Mpaka leo sikumbuki. Naamini niliona chaki, nikaona bawaba, nikasema ni wale wale.

Kesho yake nilikwenda nayo hospitali. Juma alikuwa anaruhusiwa siku ile, amevalishwa shati safi, na mama yake alikuwa akifunga vitu vyake kwenye leso. Hakuna aliyejua kuhusu barua ila mimi na mtu mmoja kule bara. Mejumaa asingejua kamwe. Karatasi ile, hata kama ningeiacha mbele yake, asingeweza kuisoma.

Nikamwambia, "Mejumaa, keti kidogo. Kuna jambo nataka kukusomea."

Nikamsomea yote, chaki na bawaba na ile mistari minne. Nikamsomea na yale maneno ya wino wa buluu, nikamwambia ni mkono wangu. Juma alikuwa akicheza na kifungo cha shati lake. Mama yake alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Mimi sikuomba radhi, kwa kuwa sikuona neno la kuombea.

"Mwalimu huyo anaitwa nani?" akauliza.

"Mwero."

"Unajua anakokaa?"

"Najua."

Akainuka, akampandisha Juma mgongoni, akamfunga kwa leso.

"Basi mwandikie," akasema. "Mwambie barua yake imefika."